Mwandishi, Mganga na Pepo Mtoto

Jamani, karibuni, na ahsante kwa ndugu aliyezima feni. Santuri ninayotaka kuwapigia mwishoni ina sehemu za unyamavu, na feni hii ya ukumbini ingetuharibia.

Mpe mkusanyaji wa jazi huru, ile jazi ya kubuni papo kwa papo, santuri uone. Haiweki kwenye mashine kwanza. Anaiinamisha kwenye mwanga, anachungulia ile sehemu tupu karibu na karatasi ya katikati. Msimcheke, ana sababu. Mwaka 1965 mpiga saksafoni John Coltrane alikusanya wapigaji 11 wakarekodi Ascension, kipande kilekile mara mbili. Nakala za mwanzo zikatoka na rekodi moja, kisha Coltrane akasema hapana, ninayoitaka ni ile nyingine. Ikabadilishwa kimyakimya: jalada lilelile, namba ileile. Kinachokutofautishia ni maneno Edition II, yamekwaruzwa pale sindano inapomalizia safari yake. Kwa hiyo watu wanatembea na tochi.

Mimi tochi sina. Ugonjwa wangu ni kusoma majalada, na hapo Mswahili ana faida ambayo pesa hainunui.

Herbie Hancock mnamjua, yule mpiga piano, Mmarekani mweusi. Kati ya 1970 na 1973 alikuwa na kundi la watu sita, na kwenye majalada yao kila mmoja ana jina la Kiswahili. Hancock ni Mwandishi, ndilo na jina la santuri ya kwanza ya kundi hilo. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyu alikuwa daktari kweli, amesomea Chuo Kikuu cha Howard. Bennie Maupin ni Mwile. Naona walikusudia "mwili". Julian Priester, mpiga tromboni, maskini, ni Pepo Mtoto. Walitaka kusema roho ya kitoto, isiyo na hila. Nilipomsomea shangazi yangu jina hilo aliuliza kama huyo kijana ameshatolewa.

Aliyempa Hancock jina lake ni mpiga ngoma aliyejiita Mtume. Jaribu kujiita hivyo Unguja! Alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966. Mwaka 1969 ami yake, Albert Heath, alirekodi santuri iitwayo Kawaida, na Hancock yumo. Vipande vyake: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Kwa Karenga, Kawaida ni falsafa nzima. Kwetu ni chai na andazi. Nami niliinunua kwa ajili ya jina tu, nikitaka kujua kitu cha kawaida kina sauti gani mikononi mwa Don Cherry, mpiga tarumbeta aliyemo humo.

Kiswahili kilikuwa kimeingia kwenye jazi kabla yao. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na sauti inayosoma Kiswahili mle ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Ile ni lugha ya mtu aliyetoka nayo nyumbani. Ya kina Hancock ni lugha ya kuchagua, ya watu ambao ya mababu zao waliporwa wakaamua kujitafutia nyingine. Zamani nilikuwa nawacheka. Siku hizi nacheka bado, lakini naacha santuri izunguke.

Kwa sababu sikilizeni hili. Sisi anayetunga muziki tunamwita mtunzi. Mwandishi ni wa vitabu au gazeti. Kwa hiyo jina limekosewa, sivyo? Tena huyu Mwandishi, katika kundi hili ndipo alipoandika kidogo kuliko alivyokuwa akifanya huko nyuma. Anawapa wenzake mstari mmoja wa besi na anga, basi. Kinachofuata wanakitafuta wote sita pamoja. Kuna mahali piano yake ya umeme, ikipitia kwenye mashine ya mwangwi, inasikika kama bati linalotandikwa na mvua ya mbali, na huwezi kusema nani anaongoza.

Pesa hazikuonekana. Baada ya santuri tatu kundi likavunjika, na katika lile jipya, lililouza sana, alibaki naye Maupin peke yake.

Sasa nawapigia kipande cha kwanza cha Mwandishi, kilichorekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970. Kinaitwa Ostinato, na kimetolewa kwa Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, ambaye siku ile alikuwa gerezani akisubiri kesi. Msitafute wimbo, mtachoka. Shikeni besi ya Mchezaji na klarineti nzito ya Mwile. Mzunguko una mapigo 15, nane kisha saba, kwa hiyo mguu wako utatua mapema au utachelewa, kila mara. Kwenye ngoma yupo Jabali, na pia kijana Leon Chancler ambaye jina lake la utani lilikuwa Ndugu.

Mwenye mlango, tafadhali rudishia. Haya, hesabuni.