Ganzi na usingizi kwa mgonjwa wa Marfan

Ndugu madaktari, wauguzi na wanafunzi wa usingizi,

Mwaka 1896, mjini Paris, Antoine Marfan alieleza habari za binti wa miaka 5 mwenye vidole virefu na vyembamba kupita kiasi. Baadaye wengi walitilia shaka kama mtoto yule alikuwa hasa na ugonjwa huu, unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, lakini jina limebaki. Chanzo chake, kasoro katika jeni ya fibrilini-1, protini inayozipa tishu hizo nguvu, kilibainika mwaka 1991, na mzazi aliye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa.

Kazi yetu huanza wodini. Mwambie mgonjwa akunje dole gumba ndani ya ngumi. Ukucha wake wote ukichomoza upande wa pili wa kiganja, na dole gumba na kidole cha mwisho vikipishana anapokishika kifundo cha mkono wake mwingine, basi, isipokuwa ni dharura, asiingie chumba cha upasuaji kabla ya moyo wake kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Tunachokitafuta ni mshipa mkuu wa damu pale unapotokea moyoni, kwani ndipo ukuta wake hutanuka na kudhoofu.

Dakika ninayoiogopa kuliko zote ni ya kuingiza mrija wa kupumulia: koo likiguswa ilhali usingizi bado mwepesi, presha na mapigo hupanda ghafla, na ukuta ule waweza kuchanika. Kwa hiyo dawa zake za kutuliza mapigo asizikose asubuhi ile, apewe fentanili, dawa kali ya maumivu, ya kutosha, na koo lisiguswe mpaka usingizi ukolee.

Ganzi ya mgongo nayo yafaa mara nyingi, hasa kwa mama anayejifungua kwa upasuaji. Ila zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa wana mfuko wa uti wa mgongo uliotanuka sehemu ya chini ya kiuno. Maji yaliyomo ni mengi, dawa nzito ya ganzi huzama ikatulia pale pale, na mama huhisi kisu tumboni ilhali miguu imekufa ganzi. Aelezwe mapema kwamba huenda akalazwa usingizi.

Mapafu hutoboka kwa wepesi, hivyo mashine isukume hewa kwa shinikizo dogo. Viungo vilivyolegea viegemezwe kwa mito.

Wakati wa kumwamsha, kikohozi na maumivu hupandisha presha kama ulivyofanya mrija ulipoingia. Dawa ya maumivu itangulie, na mrija utolewe kwa utulivu huku presha ikiangaliwa bila kukatizwa.