Usimwage Mtama: Adabu ya Kuandika Umelipataje Kasha

KASSIM: Dada Rehema, nakusomea taarifa tatu za watu waliopata makasha yaliyofichwa, nawe uniambie kasha liko wapi. Ya kwanza: "Tumelipata, asante sana. Magoti yangu hayatanisamehe leo."

REHEMA: Liko chini. Mtu kapiga magoti.

KASSIM: Ya pili: "Afadhali nilikuja na mume wangu, peke yangu nisingeliweza."

REHEMA: Juu. Usawa wa mtu mrefu akinyoosha mkono.

KASSIM: Ya tatu: "Ilibidi tungoje bwana mmoja amalize gazeti lake ndipo tulichukue."

REHEMA: Masikini, alikuwa amelikalia! Hilo liko chini ya benchi, na kama benchi ni la chuma, kasha lina sumaku.

KASSIM: Na wote watatu walidhani wamefunga mdomo.

REHEMA: Ndiyo mada yetu hiyo. Karibuni wasikilizaji. Kwa aliye mgeni, jiokeshingi ni mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa. Unapewa kodineti, zile namba za latitudo na longitudo, unazifuata kwa GPS, ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari lililomo ndani, unalirudisha vilevile ulivyolikuta, kisha unaandika taarifa mtandaoni. Leo tunaizungumzia hiyo taarifa ya mtandaoni, maana siri nyingi zinavujia hapo.

KASSIM: Na si jambo jipya. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilizima ule upotoshaji wa makusudi uliokuwa kwenye mawimbi ya GPS ya raia. Siku iliyofuata, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. Ndani mlikuwa na vitabu, pesa kidogo, manati, hata kopo la maharage. Mike Teague akaipata baada ya siku chache tu, naye akaeleza hukohuko mtandaoni. Yaani kutafuta na kusimulia vimezaliwa pamoja.

REHEMA: Lakini kaka, ile ilikuwa ndoo. Ndoo ina siri gani? Siku hizi kuna makasha yenye ukubwa wa ncha ya kidole, mengine yametengenezwa yafanane na bolti au kipande cha gome la mti. Na GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata anga likiwa wazi. Namba zinakufikisha kwenye eneo dogo, halafu zinakuacha hapo. Mchezo wenyewe ni hizo mita chache za mwisho. Sasa mtu akiandika "upande wa kushoto wa uzio, nguzo ya pili", amebakiza nini?

KASSIM: Ila mwenye kasha naye si anatoa dokezo? Kwa nini yeye aruhusiwe na mimi nikatazwe?

REHEMA: Swali zuri. Dokezo la mwenye kasha linaandikwa kwa herufi zilizogeuzwa. Kila herufi inasogezwa nafasi 13, A inakuwa N, B inakuwa O, hadi mwisho. Akiandika "chini ya jiwe", wewe unaona "puvav ln wvjr".

KASSIM: Puvav ln wvjr. Kama jina la mchezaji mpira.

REHEMA: Na si fumbo gumu, kwa sababu nia si kukuzuia. Ukibonyeza mahali linafumbuka. Zamani watu walichapisha karatasi na kulifumbua papo hapo kwa kalamu, herufi moja baada ya nyingine, wamesimama porini. Nia ni jicho lako lisilione kwa bahati mbaya. Unaamua mwenyewe: nimehangaika vya kutosha, sasa naomba msaada. Dokezo ni chungu chenye kifuniko. Taarifa yako haina kifuniko. Mtu anashuka ukurasani kuangalia tu kama kasha bado lipo, macho yanamwangukia "tazama ndani ya bomba", basi, kwisha. Hakuuliza, na hawezi kulisahau.

KASSIM: Hapo nimekuelewa. Ila kuna watu hawatoboi kitu waziwazi, wanavuja tone kwa tone. "Nimelipata chini ya dakika moja." Hujataja mahali, lakini kwa kasha lenye ugumu wa 4 kati ya 5, umeniambia liko mahali pa wazi kabisa na wengine wote wanalipita. Au "bahati nilikuwa na koleo dogo la nyusi".

REHEMA: Ehe! Basi natafuta tundu. Na wale wa "jina la kasha limesema kila kitu" ndio wabaya zaidi.

KASSIM: Wanajiona wamefumba. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Na watafutaji wazoefu wanasoma taarifa kama wapelelezi: wanachukua kumi za mwisho, wanaunganisha. Mmoja kasema alichafuka mikono, wa pili kasema mvua haikumsumbua, wa tatu kasema aliogopa buibui. Kila mmoja peke yake hana kosa, lakini ukiwaweka pamoja unapata kalvati.

REHEMA: Sitaki twende mbali tukawa polisi wa kila neno. Kupeleleza taarifa za wenzako ni haki ya mtafutaji, na wengine ndiyo raha yao. Kipimo changu ni kimoja: je, anayesoma bila kutafuta msaada atajua pa kuweka mkono? Kama ndiyo, futa sentensi hiyo. Kama ni mpelelezi tu atakayeng'amua, mwache apeleleze.

KASSIM: Kwa hiyo yule wa magoti umemsamehe?

REHEMA: Wa magoti nimemsamehe. Wa gazeti, hapana.

KASSIM: Tuseme picha. Mimi naona picha ni hatari kuliko maneno.

REHEMA: Sana. Mtu anajipiga picha anatabasamu, kasha mkononi. Kwanza amenionyesha umbo lake. Kama ni jiwe bandia, jiwe hilo silitafuti tena, nalijua. Pili, nyuma ya bega lake kuna ukuta wenye ufa, na ufa ule ndio maficho. Kwa makasha ya fumbo ni mbaya zaidi. Kule kodineti zilizotangazwa si zenyewe, unategua kitendawili ndipo upate za kweli, na kwa kawaida mahali halisi hapazidi kama kilomita 3 kutoka pale palipotangazwa. Mwenyeji akiona mnara nyuma ya picha yako, ameruka kitendawili chote. Mwenye kasha huenda alikesha akikitunga.

KASSIM: Na picha nyingi za simu zinabeba ndani yake namba za mahali zilipopigwa. Wengi hawajui.

REHEMA: Piga picha ya mandhari ukiwa umelipa kasha mgongo. Au ya viatu vyenye tope. Au ya mbwa wako. Ulimwengu huu haujawahi kuchoka na picha za mbwa.

KASSIM: Na yale makasha ya jiolojia, yasiyo na boksi, ambayo unajibu maswali kuhusu mwamba au maporomoko?

REHEMA: Majibu yanatumwa kwa mwenyewe faraghani, basi. Usipige picha ya bango lenye majibu ukaitundika.

KASSIM: Sasa nitetee upande wa pili kidogo. Ukiwatisha watu hivi, wanaandika "asante kwa kasha" na kukimbia. Mwenye kasha anapata barua pepe kila mtu anapoandika taarifa. Fikiria umetembea mlima mzima kuficha kitu, halafu miezi yote unapokea "asante", "asante", "asante".

REHEMA: Ukavu huo nao ni utovu wa adabu. Kuna mengi ya kusimulia yasiyogusa maficho. Njia ilikuwaje, ulikutana na nani, ulijifanya unafanya nini watu walipopita. Niliwahi kusoma taarifa ya mtu aliyejifanya anagombana na mtu kwenye simu, mpaka bibi mmoja akasimama kumpa pole. Nilicheka, na sikujua kasha liko juu wala chini. Halafu sema hali ya kasha: daftari limejaa, limelowa, kifuniko kimepasuka. Hayo mwenyewe anayahitaji.

KASSIM: Na usipolipata?

REHEMA: Andika hukulipata, usione haya. Ila usiorodheshe ulikotafuta. "Nimekagua uzio wote, mizizi, na chini ya daraja, hakuna kitu." Umeshampunguzia mwenzako kazi bila yeye kuomba.

KASSIM: Hapo sikubaliani nawe. Tuseme kasha halijapatikana muda mrefu, watu wanaandika tu hawakulipata, na mwenyewe kapotea, hajibu ujumbe. Mimi nimelipata, lipo. Nikiongeza "lipo, jaribuni kufikiri kwa urefu", nimekosea nini? Nimewaokoa.

REHEMA: Ulipoandika "lipo" umeshawaokoa. Hilo lingine la urefu ni la kujionyesha.

KASSIM: Si la kujionyesha! Ni huruma.

REHEMA: Huruma itume faraghani kwa anayeomba. Kasha la ugumu wa 4 na nusu limewekwa ili watu washindwe, warudi, washindwe tena. Wengine wanalitaka hivyohivyo.

KASSIM: Bado sijakubali, lakini tuendelee. Nyigu?

REHEMA: Nyigu, waya wa umeme, ngazi iliyooza, hapo sema wazi, hata kama unafichua. Hakuna mchezo unaostahili mtu kung'atwa. Na kodineti zikiwa zimepotoka sana, mwandikie mwenyewe azirekebishe.

KASSIM: Na mwenye kasha akikuta mtama umeshamwagwa?

REHEMA: Ana uwezo wa kuifuta taarifa, lakini akianza na kufuta anaanza vibaya. Aliyeandika alifika, jina lake limo kwenye daftari. Mtumie ujumbe: "Ndugu, asante kwa kutembelea, naomba uondoe ile sentensi ya bomba." Wengi wanaondoa na kuomba radhi siku hiyohiyo. Akikaa kimya, hapo futa, na umweleze kwamba anaweza kuandika upya. Tatizo ni kwamba wanaolifuatilia kasha hilo walishapata barua pepe yenye maneno ya mwanzo, na kuhariri hakuirudishi.

KASSIM: Swali la mwisho, limetoka kwa msikilizaji. Rafiki anakupigia yuko hapohapo kwenye kasha, amekwama. Umwambie?

REHEMA: Ya simu ni yenu wawili, hamumharibii mtu. Ila muulize kwanza: unataka nikuambie unakaribia au unaenda mbali, au unataka jibu?

KASSIM: Mimi ukiniuliza nitasema nataka jibu.

REHEMA: Najua. Ndiyo maana wikendi huwa sipokei simu yako.