Debe la Mahindi na Daftari la Hisabati

(Mazungumzo na walimu wakuu na wakuu wa shule, Morogoro)

Walimu wakuu, wakuu wa shule, na maafisa elimu kata mliojibanza huko nyuma karibu na chai: wanaostahili shikamoo nawapa, wanaonidai marahaba nimeshaitikia. Mnaonifahamu mnajua nitakachosema. Nilikuwa mkaguzi wa shule tangu enzi ambazo hatujaitwa wathibiti ubora, na tangu nistaafu nina wimbo mmoja tu: mzazi aulize, na shule imjibu. Mtanivumilia.

Historia sitaisimulia, mmeiishi. Waraka Namba 5 wa 2015, elimu bila ada kuanzia Januari 2016, halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango, na mwalimu mkuu akabaki anaogopa hata kumwomba mzazi ufagio. Hilo nalielewa. Ila tusijifiche humo. Ugomvi wetu na wazazi haukuanza 2016.

Niwape kisa. Shule siitaji. Barua ya kikao ilisema saa 3 asubuhi, na saa 3 wazazi wamefika, wamekalishwa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti kidevuni. Mwalimu mkuu kaingia saa 4 na nusu na kamati yake. Ajenda ziko ubaoni: kufungua, taarifa ya shule, chakula cha mchana, mlinzi, mengineyo, kufunga. Chakula peke yake kilimaliza saa nzima na ushee. Debe la mahindi kwa kila mtoto, nani katoa, nani bado. Wasiotoa wakasomwa majina. Wamesomwa majina, jamani, mbele ya majirani zao! Tunafika kwenye mengineyo ni saa 7, jua la utosi, watu wanaaga mmoja mmoja.

Akasimama mama mmoja, muuza maandazi. Hotuba hakuwa nayo. Alitoa daftari chini ya khanga, la hisabati, la mwanawe wa darasa la tano, akalifungua na kulinyanyua juu. Akasema, "Mwalimu, mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini wino mwekundu naujua. Humu upo mpaka ukurasa wa sita. Kuanzia hapo hadi jalada la nyuma, hakuna. Nilitaka kujua tu."

Mwalimu mkuu akamjibu, "Mama, hayo ni masuala ya kitaaluma. Waachie wenye taaluma."

"Sawa, mwalimu," akasema. "Na debe la mahindi nimwachie nani?"

Mnacheka. Siku ile walicheka wazazi, walimu hawakucheka. Baadaye mama yule akanieleza kwamba mtoto alipopeleka kazi yake mezani, aliambiwa mbele ya wenzake akasahihishiwe na mama yake. Kuanzia hapo mtoto akamwomba mama asije tena shuleni. Na hakuja. Kikao kilichofuata, nina hakika, mtu fulani alilalamika kwamba wazazi wa kijiji kile hawana mwamko.

Swali la mama yule ndilo swali nililokuwa nikiuliza mimi nilipokuja kukagua. Tofauti ni kwamba mimi nilipokuja mlinitandikia kitambaa mezani, na soda ikafunguliwa. Tena mimi nilikuja mara moja, nikaondoka na gari la serikali. Yeye daftari lile analiona kila jioni, bure, bila posho.

Najua mnachotaka kusema. Mzee, wazazi wa siku hizi wakorofi. Kweli wapo. Wapo wanaoingia darasani na fimbo kumtafuta mwalimu, wapo wanaokuja wamelewa saa 4 asubuhi. Mtu wa namna hiyo aitiwe mtendaji wa kijiji, hana mjadala. Lakini msinichanganyie mlevi na muuza maandazi. Yule mama alikaa saa 4 nzima kwenye dawati la mtoto akisubiri ajenda yake ifike.

Mtasema pia hawaji. Hivi nani kakwambia uite kikao siku ya gulio? Au msimu wa kupanda, barua apewe mtoto wa darasa la kwanza aipeleke? Barua hiyo imeshageuzwa ndege kabla haijavuka barabara.

Halafu tuseme ukweli kuhusu fedha, maana hapa ndipo woga ulipo. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu, haifiki mkononi mwako. Shule ya watoto 600 inabaki na milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani laki 3 kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Kwa nini hesabu hii mzazi haijui? MMEM ilituagiza tubandike mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Nimeingia shule ambayo ubao huo umetundikwa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, ubao unafunikwa. Fundi aliyeupigilia pale hakukosea vipimo! Mzazi akiona ni laki 3, huruma itamwingia. Asipoona chochote, anaona shati lako jipya.

Naambiwa dakika zimebaki tano, basi nikimbie. Kamati ya shule: mwenyekiti ni mzazi, wewe mwalimu mkuu ni katibu. Katibu. Msiniletee wenyeviti wanaosaini mihtasari ambayo hawajaisoma. Makundi ya WhatsApp ya wazazi mnayofunga ili wasimamizi peke yao ndio watume: hilo ni tangazo la mnada, msiliite ushirikiano. UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, nusu yenu mmeunda ili mkaguzi akute faili, sitaendelea. Viboko: kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mzazi akiuliza kitabu kiko wapi, hajakutukana. Mtafutie kitabu.

Nilikuwa na jambo la shule binafsi, ambako mzazi analipa mamilioni na mlinzi anamrudisha getini mpaka siku ya wazazi ifike. Limeshindikana leo, na wenye shule hizo naona wamepumua.

Ninaloomba ni dogo. Muhula ujao, kwenye kikao chenu, taaluma iwe ajenda ya kwanza baada ya kufungua, chakula kifuate. Na barua iandike: kila mzazi aje na daftari moja la mtoto wake, somo lolote. Mwalimu wa darasa akae mlangoni, awape dakika mbili mbili wafungue pamoja. Kama madaftari yamesahihishwa, unaogopa nini? Kama hayajasahihishwa, ni heri uanze Jumatatu, kikao hakijafika.

Mwalimu mwenye shati la kijani umenyoosha mkono tangu nilipotaja ubao. Simama, sema.