Hesabu Migongo ya Bati

SOMOE: Haya, tupo hewani. Isma, macho mekundu hayo!

ISMAIL: Dada Somoe, wiki hii jirani yetu wa Ligula kanipa picha ya marehemu baba yake. Mzee alifanya kazi relini. Kasimama mbele ya stesheni ndogo ya njia ya Nachingwea, na nyuma ya picha pameandikwa 1956 kwa penseli.

SOMOE: Reli ya karanga yenyewe!

ISMAIL: Yenyewe, Reli ya Kusini. Ilianzia Mkwaya, Lindi, kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea. Mradi wa karanga ulianza 1947, na 1951 Waingereza wakauacha. Reli ikabaki inafanya kazi, ikaungana na bandari ya Mtwara iliyofunguliwa 1954. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Kwa hiyo picha moja kama hii kwangu, ninayetengeneza modeli ya stesheni ile, ni mali.

SOMOE: Na leo tumeahidi mambo matatu: vipimo, rangi, halafu miti ya kuzunguka stesheni. Anza na vipimo. Utamtumia mzee kama rula?

ISMAIL: Hapana. Mtu anaweza kuwa amesimama hatua kadhaa mbele ya ukuta, akaonekana mkubwa kuliko mlango. Mimi nahesabu migongo ya bati. Bati la Kiingereza la zamani lilikuwa na inchi 3 kutoka mgongo hadi mgongo, milimita 76. Bati lipo juu ya jengo lenyewe, halisogei.

SOMOE: Mabati yakipandana je?

ISMAIL: Mgongo unalalia mgongo, nafasi haibadiliki. Nimepata migongo 84 ukingoni mwa paa. Hiyo ni mita 6 na ushee. Modeli yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 87, kwa hiyo ukigawa kwa 87, paa lake linakuwa sentimita 7 na kidogo.

SOMOE: Jamani, sasa nimeelewa! Juzi kwenye shughuli Chikongola, wanawake tunacheza, huyu shingo juu kama anatafuta mwezi!

ISMAIL: Ile nyumba ina migongo 112 upande wa barabarani.

SOMOE: Kahesabu kweli!

ISMAIL: Na nyumba ya mama mkwe nimehesabu. Na msikiti wa mtaani kwetu. Ukizoea, unakadiria upana wa jengo bila kulisogelea. Wasikilizaji, jaribuni leo: hesabuni, zidisheni kwa 76, halafu pimeni chini kwa futi kamba.

SOMOE: Mkumbuke paa linazidi ukuta. Ondoeni kwanza ile sehemu inayoning'inia.

ISMAIL: Ahsante, hapo wengi wanateleza. Na bati la modeli natengeneza kwa karatasi ya aluminiamu, nachora mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Njia yenyewe ilikuwa ya mita 1, kwa hiyo reli za modeli ni za milimita 12.

SOMOE: Sawa. Na nyuma ya jengo? Picha haionyeshi.

ISMAIL: Naazima kwa stesheni za Reli ya Kati. Dirisha la ofisi, mlango wa stoo.

SOMOE: Hapo sikubali. Reli ya Kati waliijenga Wajerumani, ikafika Kigoma 1914. Ya kwetu ni ya Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ya harakaharaka. Utaichanganyaje?

ISMAIL: Tangu 1948 Reli na Bandari za Afrika Mashariki ilikuwa taasisi moja. Stesheni masta wa kote alihitaji kukata tiketi na kutunza mizigo.

SOMOE: Kazi ni moja, ukuta si mmoja. Acha kadibodi tupu, mtu aone kwamba hapo hatuna ushahidi.

ISMAIL: Mtoto wa Lindi akiona jengo nusu atasema reli yetu ilikuwa nusu.

SOMOE: Akiona dirisha la kubuni ataliamini. Hilo ndilo linaloniuma.

ISMAIL: Mimi nitaweka dirisha.

SOMOE: Nami nitakuja na wembe nilitoe.

ISMAIL: Dada yangu, fundi mitambo ananyoosha kidole. Dakika imebaki moja.

SOMOE: Rangi hatujagusa! Wala miti!

ISMAIL: Basi hayo tuyaache. Mwenye picha ya familia iliyopigwa stesheni ya Reli ya Kusini, upande wowote ule, atuletee tuipige nakala hapahapa, naye aondoke nayo.

SOMOE: Hasa upande wa nyuma.

ISMAIL: Ukiwa na dirisha.

SOMOE: Au bila.