Shahada ya Majengo, Deni na Kinachobaki Mkononi

BI SALMA: Assalamu alaikum. Msimu wa kuomba vyuo umefika, na hapa Zanzibar, kuanzia Wete mpaka Makunduchi, suali ni lile lile. Kijana kafaulu fizikia na hesabu, anataka uhandisi wa majengo, na mzee wake anauliza: huo mkopo utalipika, au atazeeka nao? Maalim Juma, tuanze na wapi?

MAALIM JUMA: Waalaikumu salaam, Bi Salma. Mie ningeanza na jina la shahada kabla ya kugusa shilingi. Marekani, mhandisi wa aina hii anasomea mifumo ya ndani ya jengo: nguzo na boriti, viyoyozi, umeme, maji, kinga ya moto. Ukenda Misri, idara yenye jina hilo hilo iko ndani ya kitivo cha uhandisi, miaka 5, lakini kinachosomwa hasa ni usanifu, yaani kuchora jengo lenyewe.

BI SALMA: Na kijana anarudi na cheti kimeandikwa "uhandisi".

MAALIM JUMA: Ndiyo, na hapo ndipo wengi wanakwama. Tanzania Bara, mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayechora majengo anakwenda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Bodi haiangalii jina tu, inaangalia masomo uliyofanya. Cheti cha nje kwanza kipitie Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya ndege, chukua orodha ya masomo ya miaka yote, ipeleke bodi unayoitaka, uulize kwa maandishi kama watakusajili. Na ikiwa utafanya kazi huku visiwani, uliza pia usajili wa huku, usidhani wa Bara unatosha.

BI SALMA: Haya, tuje kwenye deni. Tupige hesabu watu waisikie.

MAALIM JUMA: Tutumie mfano, kila mtu aweke tarakimu zake. Ada milioni 1 na laki 3 kwa mwaka. Pesa ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Muungano ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 220 ni milioni 2 na laki 2. Jumla milioni 3 na nusu kwa mwaka. Miaka 4 ni milioni 14. Ikiwa ni shahada ya miaka 5, milioni 17 na nusu.

BI SALMA: Kwa mwanafunzi wa kuchora kuna na mengine ambayo mkopo haufiki. Karatasi kubwa za A1 zinachapishwa kila wiki ya uwasilishaji, ubao mwepesi wa modeli, gundi, kompyuta yenye nguvu ya kubeba programu za kuchorea. Hiyo inatoka mfukoni kwa mzee, na mara nyingi inatoka wiki ambayo hana.

MAALIM JUMA: Sasa kulipa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kabla ya hapo ilikuwa 8. Tuchukue kijana kaajiriwa Dar kwa milioni 1. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, laki 1. Kodi inatozwa kwenye laki 9 iliyobaki, ni 103,000. Mkopo, 150,000.

BI SALMA: Kinachobaki 647,000.

MAALIM JUMA: Ndicho atakachokiona kwenye slipi ya mshahara, mstari wa chini kabisa. Kodi ya chumba, daladala, boti ya kuja nyumbani Idi, vyote vimo humo. Hiyo ndiyo tarakimu ya kumwonesha mzee. Mtu akikwambia "wahandisi wanapata milioni", muulize milioni ya juu ya slipi au ya chini.

BI SALMA: Kwa 150,000 kwa mwezi, milioni 14 inakwisha lini?

MAALIM JUMA: Miezi 94 hivi. Miaka 7 na miezi 10.

BI SALMA: Mtu akisikia hivyo anaogopa.

MAALIM JUMA: Asiogope, aangalie deni lenyewe ni la aina gani. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyoongezwa kwenye deni kila mwaka. Ilikuwa inawaumiza wengi, na kwetu Waislamu ilizua masuali mazito. Ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Kwa hiyo milioni 14 haikui mwaka hadi mwaka. Bei za vitu zinapanda, deni halipandi. Hili ni deni la kulibeba, si la kulikimbia kwa kuuza shamba la mikarafuu.

BI SALMA: Hapo umenena. Kuna wazee wanataka kuuza mali ili mtoto asikope, na hesabu haiwaungi mkono hata kidogo.

MAALIM JUMA: Lakini mwenye mkopo wa Bodi ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria namba 3 ya 2011, asome mkataba wake mwenyewe. Asichukue masharti ya Bara akayavisha huku.

BI SALMA: Tuseme juu ya kipato kupanda. Kinapanda vipi?

MAALIM JUMA: Usajili. Mhitimu anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo 3 ndiyo myembamba. Sasa tuseme baada ya hapo mshahara umefika milioni 1 na laki 8. NSSF 180,000, kodi 314,000, mkopo 270,000. Mkononi 1,036,000.

BI SALMA: Ngoja kidogo. Mshahara umepanda laki 8, mkononi kumeongezeka 389,000 tu?

MAALIM JUMA: Naam, maana sehemu ya juu ya milioni inatozwa asilimia 30, na mkopo nao unapanda na mshahara. Ila tazama upande wa pili. Miaka 3 ya mwanzo amelipa milioni 5 na laki 4. Milioni 8 na laki 6 iliyobaki, kwa 270,000, inakwisha kwa miezi 32. Jumla miezi 68 badala ya 94. Anayekawia kusajiliwa kwa sababu hakuweka daftari la kazi, au alifanya kazi kwa fundi ambaye hawezi kumsainia, anapoteza zaidi kuliko aliyekopa milioni 2 zaidi.

BI SALMA: Na hapa kwetu kazi ipi inalipa kijana wa majengo?

MAALIM JUMA: Mahoteli ya Nungwi, Paje, Kiwengwa. Chukua kiyoyozi. Nguvu yake inapimwa kwa BTU, kipimo cha joto: tani 1 ya upozaji ni BTU 12,000 kwa saa. Watu wanakisia: chumba kikubwa, weka mashine kubwa. Mashine ikizidi inapoza haraka, inazima, haijapata muda wa kutoa unyevu. Chumba kinakuwa baridi na majimaji, baada ya msimu mmoja kuvu linatoka kwenye dari, mgeni analalamika, na mwenye hoteli anapaka rangi tena. Anayejua kukokotoa mzigo wa joto, kioo kinachotazama magharibi, idadi ya watu, paa la makuti au la bati, huyo anaitwa.

BI SALMA: Na chumvi.

MAALIM JUMA: Chumvi inakula nondo na mapezi ya kiyoyozi. Ufukweni nondo inataka zege ya kutosha juu yake, milimita 50 hivi, siyo 20 kama wanavyoacha. Nondo ikipata kutu inavimba, zege inapasuka. Shahada inayogusa mambo hayo ina soko hapa kuliko ile ya michoro mizuri peke yake. Na Mji Mkongwe unataka wanaojua mawe na chokaa, maana saruji juu ya ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani.

BI SALMA: Anayejiajiri je?

MAALIM JUMA: Analipa isiyopungua 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi. Mteja wa nyumba analipa kwa awamu, na awamu ya mwisho huwa ngumu kuipata. Basi kila malipo ya kwanza yakiingia, tenga miezi 3 ya mkopo kabla ya kununua kitu.

BI SALMA: Na aliyeajiriwa asidhani mwajiri anapeleka makato. Mwajiri ana siku 28 za kuiarifu Bodi kwamba kaajiri mnufaika.

MAALIM JUMA: Omba taarifa ya deni kila mwaka, ilinganishe na slipi mwezi kwa mwezi. Mwezi ukikosekana, peleka slipi ile ile kazini na Bodi. Na deni likikaribia kwisha, omba barua ya kusimamisha makato mapema, kabla mwezi wa mwisho haujakatwa mara mbili.