Ile Tyubu ya Duka la Dawa

Asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na naona akina mama pale mbele wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Naanza na tyubu.

Mtu akitokwa na choa haendi hospitali. Anakwenda duka la dawa, anapandisha mkono wa shati, anaonyesha. Muuzaji haulizi kitu, anamshushia tyubu. Mle ndani mna dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi, ile ya kutuliza muwasho na uvimbe. Hajui una nini, kwa hiyo amekuuzia zote. Siku ya tatu muwasho umekata, na mtaa mzima umeshaambiwa dawa ndiyo hiyo.

Sasa sikilizeni. Sehemu kubwa ya ule muwasho na uvimbe ni mwili unapambana na fangasi. Steroidi inawalaza walinzi. Mwizi bado yumo ndani. Ukiacha kupaka, choa kinarudi kikubwa zaidi, nawe unarudi dukani. Alinijia dada mmoja, choa chake kilianzia kiunoni, pale kitenge kinapofungwa. Alishapaka miezi. Kilikuwa kimeshuka mapajani, kimepanda mgongoni, na lile duara tunalolijua sote, lenye ukingo na katikati pasafi, halikuwepo tena. Daktari mwenzangu alidhani ni pumu ya ngozi, akataka kumwongezea steroidi! Tukakwangua magamba kidogo, tukaangalia kwa hadubini: nyuzi za fangasi tele. Mapajani steroidi ilikuwa imemwachia michirizi kama ya ujauzito, na hiyo haifutiki kabisa. Mume anajikuna, watoto wanajikuna; nyumba nzima taulo moja, tyubu moja. Ilibidi ameze vidonge kwa wiki kadhaa. Na choa hicho kilipokuwa kidogo kingeondoka kwa clotrimazole peke yake, dawa ya bei ya chini, mara mbili kwa siku, na kuendelea kupaka wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo ndipo mnaponishinda. Muwasho ukikata tu, tyubu inarudi kabatini.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mbona daktari ulimwandikia mwanangu steroidi hiyo hiyo?" Nilimwandikia, ndiyo. Mwanao ana pumu ya ngozi, na hapo steroidi ni dawa nzuri mno. Lakini nilichagua nguvu yake, nikakwambia upake wapi na kwa siku ngapi. Ya nyayo za mtu mzima haipakwi usoni kwa mtoto. Na wapenzi wa mkorogo msiangalie pembeni: clobetasol, steroidi kali, imo humo pia, mara nyingine na zebaki juu yake.

Mapunye ya kichwani nayo msihangaike kuyapaka. Fangasi ameingia ndani ya unywele. Dawa ya kupaka peke yake haimfikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki sita au zaidi.

Naambiwa muda unakwisha. Upele, basi, ule wa kuambukizana unaoletwa na vijidudu vya ngozini. Ukiwasha zaidi usiku, na zaidi ya mmoja nyumbani anajikuna, tibuni wote siku moja, hata asiyewashwa, shingoni hadi vidoleni, mfue mashuka. Muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya dawa kufanya kazi. Msirudie kupaka kila siku.

"Daktari wa ngozi tutampata wapi?" Ni kweli tuko wachache. Lakini kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992, na waliosomea pale wametawanyika mikoani. Anzieni kituo cha afya, ombeni rufaa, na njooni na kila mlichopaka, hata kile cha mganga. Sigombi. Nikigomba, ni kidogo.

Yasiyosubiri: baka lililopauka lisilowasha na lisilohisi ukiligusa kwa pamba. Huenda ni ukoma. Dawa ni bure, miezi 6 au 12. Doa jeusi unyayoni au chini ya ukucha linalokua. Kidonda kisichopona kwa ndugu zetu wenye ualbino. Na ukianza dawa mpya, kisha ukapata homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inabanduka, hapo usinitafute mimi: acha dawa hiyo na uende hospitali usiku huo huo.

Chunusi nilikuwa nimeziandalia nusu saa nzima. Zitasubiri. Maswali?