Ametoa Wapi, Amefanyaje

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia.

Kwenye kadi ya mwaliko wa mahafali haya ya chuo nimeandikwa "mjasiriamali aliyefanikiwa". Jamani, mimi nauza barafu. Barafu za ubuyu, za ukwaju, za maziwa, na msimu ukifika, za maembe. Nina mafriza kadhaa, nina vijana wanaozipeleka mashuleni na stendi, watoto wangu wamesoma. Mtu akitaka kuyaita hayo mafanikio simzuii. Ila leo nataka tuseme juu ya namna sisi Watanzania tunavyomtazama mtu aliyepiga hatua, na yale tunayoulizana akishapita.

Nianze na mtu wa biashara yangu, ingawa yeye hakuifanya ili apate kula. Mwaka 1963, huko juu Lushoto, Shule ya Sekondari Magamba, palikuwa na kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza ashkrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayatia kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja, ili awahi, akatia maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba akaona akingoja ya kwake yapoe atakosa pa kuweka, akayasukumia ndani yakiwa ya moto vile vile. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi wakiisimulia habari hii huiruka, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wa Tanga. Alikuwapo rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza ashkrimu mjini hapa. Huyo akamwambia kuwa yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, kwa sababu unaganda upesi, na kwamba kaonyeshwa na kaka yake aliyekuwa kwenye biashara hiyo hiyo. Kumbe kitu ambacho darasani kilikuwa hakiwezekani, mtaani kilikuwa kinalipa kodi ya chumba!

Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, na swali lake mfukoni. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Basi ikawa ndiyo kejeli ya darasa. Akikosea hesabu, "hiyo hesabu ya Mpemba". Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wenzake, ambao tayari walikuwa wamechoka naye, akamuuliza kwa nini maji ya moto yagande kabla ya yale ya baridi. Osborne akamuuliza kama ni kweli amelifanya jambo hilo. Akasema amelifanya. Basi mzee akasema atakwenda kulijaribu.

Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaja na taarifa kwamba kweli, yale ya moto yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. (Kicheko.) Mnacheka, lakini wangapi hapa tunafanya kazi kama yule fundi?

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo yao pamoja. Wakati huo Mpemba yuko chuo cha Mweka, anasomea wanyamapori, kazi ambayo aliifanya serikalini baadaye. Dunia nzima ikaliita jambo lile kwa jina lake. Wanasayansi hawajamalizana nalo hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawakuuona ushahidi wa kutosha. Mimi hilo halinisumbui. Swali linalogombaniwa na maprofesa kwa zaidi ya miaka 50 si swali la mtu aliyechanganyikiwa.

Sasa mtazameni Osborne. Hakuuliza kijana huyu ni mtoto wa nani, wala nani kamfundisha maneno hayo. Aliuliza, umelifanya kweli? Swali hilo ni la ukoo mmoja na "umefanyaje". Sisi tukimwona mtu amepata, swali letu ni jingine. Ametoa wapi?

Msinielewe vibaya. Watu wanasema Waswahili hatuna udadisi. Uongo. Mtaani kwangu hata ukinunua pazia jipya, kabla ya adhuhuri mtaa unajua bei, rangi na nani alikusindikiza dukani. Udadisi tunao wa kutosha kuuza nje ya nchi. Shida ni kwamba umegeukia upande mmoja. Niliponunua friza la pili, ilisemwa nina jini. Wengine wakasema nina chuma ulete, kwamba noti ninayokurudishia chenji inakwenda kuvuta hela zako zilizobaki kwenye pochi. Kuna mama aliacha kabisa kununua kwangu, akawa anamtuma mtoto wa jirani, sijui alidhani jini langu halimjui yule mtoto. Kwa matajiri wakubwa tunasema freemason. Kwa mtumishi wa umma tunasema fisadi, na hapo, kusema ukweli, mara nyingine tumepatia. Lakini katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniuliza, mama, friza moja linawezaje kuzaa jingine?

Nimejiuliza tabia hii tumeitoa wapi. Kuna wanaosema ni wivu tu wa Mswahili. Jibu hilo ni la uvivu. Mimi naona ina historia, na historia yenyewe baadhi yetu humu tuliiishi.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea. Mimi si miongoni mwa wanaolibeza. Shule niliyosoma bila ada ilitokana na fikra zile, na miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, wapo wengi leo wanaoitamani irudi. Lakini neno lililobaki kwa watu wa kawaida ni kupe. Mnyonyaji. Mwenye duka akachorwa kwenye vikatuni na tumbo na mrija. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yawe ya kijiji. Mengi yalifungwa kabla ya hayo ya kijiji kuwa na kitu cha kuuza. Kisha vita vya Uganda, hazina imekauka, sabuni na sukari vikawa vya kupangia foleni. Mwaka 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa.

Nilikuwa mtoto, lakini mkubwa wa kutosha kukumbuka. Mama alikuwa na katoni ya sabuni za kufulia, miche ile mirefu, alizokuwa akiuza kipande kipande barazani. Usiku mmoja akaikata yote, akaigawa kwa majirani, iliyobaki akaitumbukiza chooni. Watu wengine walitupa vitenge, wengine waliacha mabati porini. Walanguzi wa kweli walikuwapo, sikatai. Ila mama yangu na katoni moja alikuwa mlanguzi wa nini? Mwaka huo huo ikaja Nguvu Kazi, asiye na ajira inayotambulika akikamatwa mjini anarudishwa kijijini kulima. Muuza karanga naye akawa mzururaji.

Mnaona kilichotokea? Aliyeulizwa "umefanyaje" mwaka ule, jibu lake lilikuwa linampeleka ndani. Kwa hiyo wafanyabiashara wakajifunza kunyamaza, na wakawafundisha watoto wao. Mtu anayepata na hasemi, jirani atafanya nini? Atajazia mwenyewe. Mmoja atajazia jini, mwingine wizi wa bandarini. Mzee Mwinyi alipokuwa rais alikuja na ruksa zake, milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia, daladala zikajaa barabarani. Lakini mdomo haukufunguliwa na tangazo la serikali.

Na bado haujafunguliwa. Muulize leo mwenye duka lolote hapa Ngamiani, biashara vipi? Atakwambia, "Hivyo hivyo tu, tunasogeza siku." Nyuma yake wabebaji wanashusha mzigo wa lori zima! Anaogopa makadirio ya kodi, anaogopa wakopaji, anaogopa jicho. Simlaumu. Mimi mwenyewe afisa akipita, friza langu moja huwa limeharibika. (Kicheko.) Mkuu wa chuo, hilo msiliandike.

Wenzetu wa Kenya walikwenda njia nyingine. Fundi wa jua kali, yule anayefanyia kazi nje bila banda, pale Kamukunji, Nairobi, hakuwa kupe kwenye hotuba za taifa, na mwaka 1985 Rais Moi alikwenda mwenyewe kuwaona, akaahidi wajengewe mabanda. Mkenya anakwambia bei ya gari lake bila kuulizwa. Lakini na wao wana ugonjwa wao, wanaulizana "ametoa wapi" kidogo mno, na mwizi mwenye gari zuri anapewa kiti cha mbele kanisani. Sitaki tuhamie huko. Swali la "ametoa wapi" lina kazi yake, na mahali pake ni kwa mwenye dhamana ya fedha za umma. Kwa muuza barafu, uliza lile jingine.

Na likiulizwa, majibu yapo, tena si ya ajabu. Marehemu Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyeanza viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, na hakuona haya kusimulia. Mimi ya kwangu yako kwenye daftari.

Kila jioni nikifunga na kila asubuhi nikifungua nasoma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, naandika. Nilianza kwa sababu uniti zilikuwa zinaisha bila kueleweka, nikadhani mpangaji wa nyuma ananiibia. Daftari likaonyesha jambo ambalo sikulitafuta: shule zikifungwa mwisho wa wiki, friza karibu tupu, umeme unaliwa karibu ule ule. Nilikuwa nalipia kugandisha hewa. Nikaanza Ijumaa kujaza ndoo na madumu yaliyokatwa, Jumapili alfajiri nawauzia wachuuzi wa samaki mabonge ya barafu. Hilo ndilo lililonunua friza la pili. Jini lenyewe ni daftari la kurasa 96.

Jingine liliibuliwa na msichana wangu wa kazi, ambaye shule aliiacha darasa la saba. Aliniuliza kwa nini barafu zilizogusa ukuta wa friza zinawahi kuganda na za katikati zinalala teketeke hadi asubuhi. Mimi miaka yote nilikuwa narundika mfuko juu ya mfuko. Tukajaribu kuzilaza safu moja moja kwenye sinia za bati, zikishakuwa ngumu ndipo tunarundika. Tukapata mzigo mara mbili kwa siku. Baadaye akaja na la sukari, kwamba za ubuyu tukizitia sukari nyingi hazishikani vizuri, zinabaki tepetepe. Kweli, sukari inachelewesha maji kuganda. Tumepunguza, watoto walinung'unika wiki moja, wakazoea, na sukari mnaijua bei yake. Mshahara wa yule binti nimeuongeza, maana akiondoka ataondoka na nusu ya biashara kichwani.

Ninyi mnaomaliza hapa mna vipimo ambavyo mimi sina. Kuna mwenye kujua umeme, mwenye kujua mafriji, mwenye kujua hesabu za gharama. Nataka wawili au watatu waje dukani kwangu Jumapili, baada ya wachuuzi kuondoka, tukalitazame daftari. Kuna friza moja linakula uniti kuliko mengine na fundi wangu anasema ni gesi, anaijaza, linarudia vile vile. Mimi nadhani ni mpira wa mlangoni. Atakayenionyesha kwa kipimo nani mwongo kati yetu nitamlipa, si kwa barafu.

Mtakachokikuta mkiulize chote. Bei ya jumla, faida kwa mfuko, nani ananidai. Kimoja tu sitakijibu, ubuyu wangu naununua wapi.